Shemeji, lile tonge ulilolirudisha

Shemeji,

Nakuandikia hapa kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe nikituma zinatokea tiki mbili za buluu, halafu kimya. Dada yako kaniambia niache. Nimeshindwa.

Nianze na la kucheka, maana bado nalicheka peke yangu. Wiki ile ya kwanza, ulipoiweka kompyuta ya chumba cha nyuma pale studio iwe inapeleka picha zenyewe kwenye seva ya kukodi kila usiku, uliandika 2 kwenye ratiba ya cron, ile programu inayoianzisha kazi yenyewe saa ikifika. Mimi nikasoma saa mbili. Siku nne mfululizo nasubiri saa mbili usiku ipite, saa tatu nafunga mlango, nazima kila kitu mpaka feni. Kumbe 2 yako ni saa nane! Mama alitusikia tunavyocheka, akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nani kaposwa.

Siku ya hitima yake hatukucheka.

Shangazi yenu aliuliza tu, bila ubaya, iko wapi ile picha ya Idi ya 2023, mama kavaa gauni la kijani, wajukuu wamemzunguka, yule mdogo kabisa kamshika sikio. Picha hiyo diski ya studio iliyokufa ilishaondoka nayo, na kule kwenye seva haikuwahi kufika. Nikasema, na turubai zima likasikia: "Muulizeni fundi wenu, yeye ndiye aliyesema hazipotei." Wewe ulikuwa umeshanawa. Tonge la kwanza lilikuwa mkononi. Ukalirudisha kwenye sinia, ukalisawazisha kwa vidole viwili kama mtu anayefukia kitu, ukainuka. Mlikuwa wanne kwenye sinia lile na watatu wote wakaacha kula. Neno langu lilikuwa baya, nakubali. Lakini pilau ya hitima ya mama yako mzazi, shemeji? Tonge ulirudishe?

Basi. Nilichokuja kusema ni hiki.

Baada ya arubaini nilinunua diski nyingine, nikakaa kuifufua mwenyewe ile bakapu, nakala ya kila usiku. Nilipoiendesha kwa mkono, haikufika hata kwenye seva: ilikataa faili la mipangilio, config, ndani ya .ssh, folda ya funguo za kuingilia kwenye seva, kwamba ruhusa zake mbaya. Nikalirekebisha. Mara ya pili ikanipigia kelele kwa herufi kubwa, katikati ya mistari ya alama za @, kwamba ufunguo wa siri uko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo inaupuuza. Hapo shetani akaniambia umeuharibu makusudi. Nikatengeneza ufunguo wangu, nikauwekea neno la siri, nikatumia nywila ya seva iliyokuwa kwenye daftari kuupachika kule. Nikiwa pale kwenye authorized_keys, orodha ya funguo ambazo seva inazikubali, nikauona mstari wako, umeanza na command na restrict, maneno ya kuubana ufunguo. Nikaapa umenifungia mimi.

Nikiendesha kwa mkono, inapita. Saa nane usiku, inakataa. Siku tatu. Ukweli ni kwamba nikishaingia kwenye kompyuta, kuna programu inayonikumbukia neno la siri, na cron haina habari na programu hiyo. Inaamka peke yake gizani, inakuta ufunguo umefungwa, hakuna mtu wa kuuliza. Ndiyo maana wako hukuuwekea neno la siri, ukaubana upande wa pili, ili hata akiuiba mtu asiweze kuingia kwenye seva, aishie kupeleka nakala kwenye folda ile moja. Nilifahamu hivyo nikiwa peke yangu, nikaona aibu peke yangu.

Nikaurudia ufunguo wako. Kabla ya kuugusa nikaangalia kwa amri ya stat, ruhusa zilibadilika lini. Tarehe 3 Machi 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi. Ijumaa. Unajua kilichokuwepo siku ile? Shaabani, arusi juu ya arusi, yule kijana mpya anashindwa kuingiza picha kwenye folda, bwana harusi anapiga simu. Nikaandika chmod -R 777, yaani kila kitu kiwe wazi kwa kila mtu, kwenye folda kuu nzima ya akaunti ya studio, picha na .ssh humohumo. Ikafunguka. Nikajisifu. Na nakala ya mwisho kule kwenye seva ni ya saa nane ya usiku wa kuamkia siku ile ile.

Kwa hiyo ni mimi. Nimeandika, wote wasome.

Ila na wewe, shemeji. Mwisho wa ule mstari wa cron uliyapeleka majibu yote, mazuri na makosa, kwenye /dev/null, shimo la kompyuta linalomeza kila kinachotupwa humo. Kila usiku ile kitu ilikuwa inalia na umeiziba mdomo. Siku 103, mpaka diski ya picha ilipoanza kugonga kama kijiko kwenye kikombe. Mtu akimwachia mwenye duka mashine, amwachie na sauti yake. Mimi ni mpiga picha, ningejuaje? Kosa langu lilichukua sekunde moja, tena nikiwa na haraka ya kazi. Lako ulilikaa chini ukalifikiria. Sisemi tugawane. Au nasema, sijui.

Nimeurudishia ufunguo 600 na folda yake 700, yaani wazi kwa mwenye akaunti tu. Inapita. Siku hizi ikishindwa naletewa ujumbe kwenye simu, saa nane ya usiku, dada yako anagugumia na kuvuta shuka.

Anasema siku ile ya Idi na wewe ulikuwa unapiga picha kwa simu yako, ile yenye kioo kilichopasuka. Kama ipo, nitumie. Hata kama imetikisika.