Nguo za machipuko zichaguliwe kwa kitambaa na mshono

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe maoni kuhusu ushauri uliochapishwa hivi karibuni katika ukurasa wa mavazi wa gazeti lako, ambao uliwataka Watanzania waishio Ulaya, pamoja na wale wanaojiandaa kusafiri kwenda huko mwezi Machi au Aprili, wayapokee majira ya machipuko kwa kununua nguo mpya za waridi iliyopauka, kijani cha mnanaa na manjano ya siagi. Mimi ni fundi wa nguo niliyejifunzia kazi Dar es Salaam, na kwa miaka mingi sasa naifanya kazi hiyo hiyo Leeds, kaskazini mwa Uingereza, ambako shughuli yangu kubwa ni kupunguza nguo za watu, kuzipanua na kuzibadilishia bitana. Kwa ninayoyaona mezani pangu kila mwaka, anayeufuata ushauri ule atatoa fedha nyingi na bado atasikia baridi.

Mwandishi wa ukurasa ule hakuigusa kabisa hali ya hewa. Machipuko ya Uingereza huhesabiwa kuanzia Machi hadi Mei, lakini mtu anayetoka nyumbani asubuhi ya Aprili hapa Leeds anaweza kukuta nyuzi 4 za Selsiasi, akala chakula cha mchana katika jua la nyuzi 14, kisha jioni akarudi katika mvua ya upepo ambayo mwavuli hauifai kitu. Theluji ya mwezi Machi nayo si kioja. Kwa siku ya namna hiyo zinahitajika nguo chache zinazovaliwa moja juu ya nyingine na kuvuliwa kadiri joto linavyopanda, na kwa bahati njema nguo hizo zimekwisha kupimwa na wakati: koti refu la mvua, shati jeupe la pamba, fulana ya mistari, jinzi ya buluu iliyokolea, sweta jepesi la sufu lenye vifungo, na viatu vya ngozi ambavyo soli yake inaweza kubadilishwa. Wazo la kabati dogo la nguo zinazooana si langu. Susie Faux, aliyekuwa na duka la nguo London, alilieneza tangu miaka ya 1970, na mwaka 1985 Donna Karan wa New York alijipatia jina kwa vipande saba ambavyo mwanamke wa kazini angeweza kuvichanganya atakavyo kuanzia asubuhi hadi usiku.

Nitakaa zaidi kwenye koti, kwa kuwa ndilo lenye gharama kubwa na ndilo wengi huniletea mezani wakiwa wamechagua vibaya. Kitambaa chake cha asili ni gabadini, ambacho Thomas Burberry alikibuni Uingereza mwaka 1879 na kukipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, mwaka 1888. Nyuzi zake zilitiwa dawa ya kuzuia maji kabla ya kufumwa, kisha zikafumwa kimshazari kwa kubanana sana, hata mvua ikawa inateleza juu yake ilhali hewa inapita na mvaaji hatoki jasho kama ndani ya koti la mpira. Maofisa wa jeshi la Uingereza walivaa makoti ya aina hiyo katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, na ndiyo sababu hadi leo koti hilo lina mikanda ya mabegani ya kubebea alama za vyeo, pamoja na kipande cha ziada kifuani kinachozuia maji yasipenye pale koti linapofungwa. Raia waliendelea kulivaa vita vilipokwisha, na tangu hapo umbo lake limebadilika kidogo sana.

Anayelinunua hana budi kulijaribu akiwa amevaa sweta ndani, na mshono wa bega uishie mfupa wa bega unapoishia au upite kidogo tu. Mikono mirefu hupunguzwa, kiuno hubanwa, pindo hupandishwa, lakini bega lisilokaa vizuri hulazimu koti zima kufumuliwa, kazi ambayo mara nyingi huzidi thamani ya koti lenyewe. Urefu uvuke goti. Akina mama wanaovaa baibui wachukue lililo pana na lenye mpasuko mrefu nyuma, maana koti jembamba hulivuta baibui na kulikunja magotini kila unapopiga hatua. Rangi ya kaki ndiyo iliyozoeleka, ingawa kwa maoni yangu buluu nzito huvumilia zaidi matope ya mabasi.

Koti hili hili linapatikana Mchikichini, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi. Hutoka Ulaya ndani ya marobota ya mitumba, na kwa kuwa mtu wa pwani hana haja nalo, mara nyingi bei yake hushuka hadi limpate mnunuzi wa Njombe, Makete au nyanda nyingine za baridi. Mwanafunzi anayesafiri Machi anaweza kulipata hapo, akampelekea fundi wa mtaani kwake akamrekebishia mikono kwa kiasi kidogo cha fedha, wakati hapa Leeds kupandisha pindo la suruali peke yake huanzia takriban pauni 10, na mikono ya koti lenye bitana hugharimu zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwamba koti lilitoka Uingereza likiwa mtumba na sasa linarudi Uingereza mabegani mwa Mtanzania, sioni aibu yoyote. Wapo Waingereza wanaolipa zaidi ya hapo kwa nguo za mitumba katika maduka ya hisani ya huku huku.

Bila shaka itabidi ajue kuchagua, na hapa ndipo ukurasa wa mavazi ungefanya kazi ya maana. Kitambulisho cha nguo kikiwa kimekatwa, kama ilivyo kwa nguo nyingi za robotani, fundi huchomoa uzi mmoja wa kitambaa kwenye ukingo wa ndani wa mshono na kuuchoma kwa kiberiti baada ya kununua, au kwa ruhusa ya muuzaji. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Sufu huwaka kwa kusitasita na kutoa harufu ya nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka na kuacha kitonge kigumu cheusi. Uzi unaochomwa uwe wa kitambaa chenyewe, kwa maana uzi wa kushonea huwa poliesta mara nyingi hata katika nguo ya pamba tupu, na wengi hudanganyika hapo. Baada ya kitambaa, ageuze nguo ndani nje aangalie kama mistari inakutana kwenye mishono ya ubavuni, kama matundu ya vifungo yamedariziwa kwa kubana, na kama pindo lina akiba ya kitambaa ya kutosha kuteremshwa siku ikihitajika. Nguo isiyo na akiba ndani ya mishono haipanuliki, na mtu akinenepa sentimita tatu ndiyo basi.

Jinzi haihitaji maelezo marefu, ila sitaipita bila kuisifu taaluma yangu. Vile vibati vya shaba kwenye pembe za mifuko vilibuniwa na fundi cherehani, Jacob Davis wa Reno, Nevada, aliyekuwa akishonea vibarua suruali ambazo mifuko yake ilikuwa ikichanika. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kulipia hataza, alimwandikia mfanyabiashara aliyekuwa akimuuzia kitambaa, Levi Strauss wa San Francisco, na hataza ikatolewa kwa wote wawili tarehe 20 Mei 1873. Wasomaji wako wanamjua mfanyabiashara na hawamjui fundi. Kwa machipuko ichaguliwe jinzi ya buluu iliyokolea, isiyotobolewa kwa makusudi, kwani yenye matundu huingiza baridi na haifai katika usaili wa kazi.

Fulana ya mistari nayo ilikuwa sare ya mabaharia wa Ufaransa, na amri ya jeshi lao la majini ya mwaka 1858 iliweka hata idadi ya mistari na kutaka ile myeupe iwe na upana mara mbili ya ile ya buluu. Kipimo hicho bado kinapendeza kuliko mistari iliyolingana, na fulana nzito ya pamba chini ya sweta la vifungo inatosha siku nyingi za Mei bila koti. Sweta likiwa la sufu, lifuliwe kabla ya kuwekwa kabatini majira ya joto yanapofika. Viwavi vya nondo hupenda kula sufu yenye jasho na madoa ya chakula, na kila Septemba napokea masweta yaliyotobolewa kwa sababu ya uvivu huo.

Najua wapo watakaosema kwamba nayapigia debe mitumba huku viwanda vyetu vikidhoofika. Hoja yao ina uzito, nami nakubaliana nayo katika nguo moja muhimu kuliko zote, yaani shati jeupe. Tanzania inalima pamba Simiyu, Shinyanga na Mwanza, na sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa haijafumwa, wakati fundi wa kawaida wa Kariakoo au Mwanjelwa anaweza kumshonea mtu shati la pamba kwa vipimo vyake mwenyewe. Kwa hiyo msafiri na ashonewe nyumbani mashati mawili, moja la ukosi wa kawaida na jingine la ukosi mfupi uliosimama, na amwambie fundi aongeze sentimita mbili katika mkono, kwa maana pamba isiyofuliwa kabla ya kukatwa hurudi mara ya kwanza inapoingia majini. Huku shati lililoshonwa kwa vipimo vya mtu ni anasa ya matajiri.

Rangi ambazo mwandishi wako anazitamani sizikatai. Kikoi cha pamba kilichokunjwa shingoni kinakinga upepo wa Aprili sawasawa na skafu yoyote, kinafulika nyumbani, na juu ya koti la kaki kinaleta rangi zote alizozitaja. Kanga nayo hufanya kazi hiyo vizuri, ingawa kwa wanaoweza kusoma jina lake inafaa kuwa mwangalifu kuhusu unayemkalia jirani kwenye basi. Gharama ya kikoi ni ndogo, na kikipauka kinabaki kuwa kikoi, tofauti na gauni la msimu mmoja ambalo likipauka halivaliki tena.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Pale ukurasa wa mavazi unapochapisha picha ya nguo, iandikwe chini yake imetengenezwa kwa kitambaa gani, inafuliwaje, na kama fundi anaweza kuipanua au kuipunguza. Ikiwezekana, nafasi moja kwa mwezi wapewe mafundi wa Kariakoo waeleze wenyewe namna ya kukagua koti, shati na suruali kabla ya kulipa, hasa toleo la Februari, wakati wanaosafiri Machi bado wana muda wa kwenda kupimwa.

Wako katika kazi,
Fundi wa nguo,
Leeds, Uingereza