Pembe za herufi M, na kiti mlichokikata

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu picha za viongozi imerudia dai kwamba jarida la TIME la Marekani lilimwotesha Donald Trump pembe kama za shetani kwa makusudi, kwa kutumia ncha za herufi M ya jina TIME, kwenye jalada la Mtu wa Mwaka lililotoka Desemba 2016, mwezi mmoja tu baada ya uchaguzi. Anayeshinda na rula ya kurasa mkononi hawezi kulikubali dai hilo. Tena lina hasara: linamfanya msomaji akodolee macho herufi, huku yale yaliyopangwa kweli yakimpita.

Tuanze na herufi zenyewe. TIME ni herufi nne, lakini upana wake haulingani. I ni kijiti, M ni pana kuliko zote. Pimeni kutoka ukingo wa T hadi ukingo wa E, kisha gawanyeni kwa mbili: katikati ya jina inaangukia ndani ya M, si kati ya I na M. Kwa hiyo kichwa kikikaa katikati ya ukurasa, au kikisogea kulia kidogo, kimeshaingia chini ya M. Msanifu anayetaka jalada liwe na kina hukata umbo la kichwa na kulileta mbele ya jina, nywele zikafunika sehemu ya chini ya herufi. Kinachobaki kuchomoza ni ncha mbili za juu. Zitamwota yeyote atakayekaa hapo. Machi 2015 alilalamikiwa Hillary Clinton kuwa nazo, na jarida lenyewe likakusanya majalada yake mengine ya namna hiyo, Papa Francis akiwamo.

Zingeweza kuepukwa? Ndiyo, kwa gharama. Ukishusha kichwa chini ya jina, uso unapungua na picha inalala bapa. Ukikipandisha hadi kifiche M yote, jina linasomeka TI E, na wahariri wengi hawalipendi hilo, maana kwenye rafu ya muuza magazeti mara nyingi kinachoonekana ni sehemu ya juu tu. Ukikisogeza pembeni, unapaswa kuwa na kitu cha kujaza upande wa pili. (Na Kiswahili kinatucheza hapa: pembe ya ukurasa haina ubaya, ya kichwani inazua kesi.)

Sasa tazameni yaliyochaguliwa. Picha ilipigwa na Nadav Kander tarehe 28 Novemba 2016, nyumbani kwa Trump ndani ya Trump Tower, New York. Ameketi huku mwili umegeukia mbali, kisha anatazama lenzi kwa juu ya bega. Mkao huo hauji wenyewe. Kichwa kikigeuzwa hivyo, ngozi ya shingo hukunjamana, na bega lililo karibu na kamera huonekana kubwa kuliko lilivyo. Picha ya kawaida ya kiongozi aliyeshinda huelekeza kifua kwenye lenzi, au hukigeuza kidogo tu, kwa sababu kifua kilicho wazi husomeka kama ukaribisho. Hapa msomaji anasimama nyuma ya mtu aliyeshtukia kwamba kuna anayemtazama.

Kivuli nacho kinasema. Ukitaka pazia la nyuma liwe safi, msogeze mtu mita mbili au zaidi mbele yake na utumie taa pana iliyofunikwa kitambaa. Kivuli kitaanguka sakafuni, nje ya fremu. Ukitaka kivuli kionekane, mweke karibu na pazia na umulike kwa taa ndogo kutoka ubavuni. Mpigapicha wa kiwango kile anazijua njia zote mbili, na kivuli kwenye pazia lile kipo.

Halafu kiti. Ni kiti cha kifahari, cha mtindo wa zamani wa Kifaransa, lakini kitambaa chake kimechanika sehemu ya juu. Kuuziba mpasuko kama ule kwenye kompyuta ni kazi ya dakika chache. Uliachwa. Ukiulizwa uthibitisho wa nia, anza hapo.

Maneno ya jalada ndiyo yalikuwa wazi kuliko yote: jina la Marekani liligeuzwa, pahali pa "United" (zilizoungana) pakawekwa "Divided" (zilizogawanyika). Trump mwenyewe alililalamikia neno hilo kwenye televisheni tarehe 7 Desemba, siku jalada lilipotangazwa.

Linganisheni na mabishano ya jalada la jarida la mitindo Vogue la Februari 2021, picha za Tyler Mitchell. Kamala Harris alipigwa akiwa na suti ya samawati hafifu, na pia akiwa na viatu vya raba mbele ya vitambaa vya waridi na kijani. Nakala ya kuchapwa ilitoka na raba. Ya suti ikawekwa mtandaoni, na baadaye ikachapwa toleo maalumu. Pale wasomaji walibishana juu ya mwanga, mavazi na kitambaa cha nyuma, yaani mambo ambayo kuna mtu aliyaamua.

La mwisho ni la kwenu. Jalada mlilochapisha mmelikata chini kidogo ya mabega: kiti hakipo, mpasuko haupo, kivuli kimebaki nusu. Mmebakiza herufi na nywele, kisha mkajadili pembe. Rangi nazo zimeharibika. Rangi za jalada lile zimepoa, kama za filamu ya zamani, lakini kwenu uso umewiva. Ngozi kama ile huchapwa kwa wino wa majenta (wekundu wa waridi iliyokolea) na wa manjano, pamoja na wa samawati kidogo. Hiyo samawati ikipungua, uso unakuwa mwekundu, ikizidi unakuwa wa majivu. Hilo hutokea faili la skrini linapopelekwa mtamboni bila kugeuzwa kwa ajili ya wino na karatasi yenu, na bila chapa ya majaribio.

Tunaomba mlichapishe tena jalada zima, pamoja na fremu yake nyekundu, na jina la mpigapicha liandikwe chini yake. Makala yenu haikulitaja.

Wapigapicha na wasanifu kurasa, wasomaji wenu