Njoo uchukue kipande chako

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, salamu zako zimefika. Mamako anasema kitambulisho chako, yaani hicho kipande, kimelala kwa chifu na wewe huko Mombasa kila wiki "kazi imebana". Omba ruhusa uje.

Babu yako, Mmakonde, alitoka Msumbiji enzi za Mwingereza kuja kukata mkonge huku Kwale. Uhuru ulipofika tarehe 12 Desemba 1963, uraia wa moja kwa moja ulimwendea aliyezaliwa Kenya na mzazi wake mmoja naye awe mzaliwa wa Kenya. Babu hakuwamo. Nami nikazaliwa hapa hapa, mtoto wa wasio raia, nikawa kama wao.

Kwa kukosa kipande, laini yangu ya simu iliandikishwa kwa jina la jirani. Mteja wa vinyago akinitumia M-Pesa, sharti nimbembeleze jirani tuandamane hadi kwa ajenti, yeye na kipande chake. Siku moja alikwenda matangani Lunga Lunga, akakaa huko. Pesa zimo simuni, sisi tunakoroga uji wa chumvi.

Oktoba 2016 Wamakonde wenzetu walifunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, naye akaamuru tupewe vitambulisho. Tukaitwa kabila la 43 la Kenya. Nilicheza ngoma siku hiyo, sikatai, lakini jambo hilo linanikera mpaka leo. Kwani uraia ni hadi uwe kabila? Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinauliza tu kama baba au mama yako ni raia. Mamako ni Mdigo mwenye kipande chake, kwa hiyo wewe ulikuwa Mkenya tangu kuzaliwa, hata miaka ile mimi sikuwa. Mbona basi ulipokwenda kujiandikisha uliulizwa babu alitoka wapi, na mwenzako wa bara akapigwa picha akaenda zake? Wapemba wa Kilifi nao waliwekwa hivyo hivyo, bila uraia, hadi 2023. Na huko Newala, Tanzania, Mmakonde hana wa kumuuliza.

Njoo siku ya kazi, asubuhi, na ile karatasi uliyopewa. Kabla hujatia sahihi, soma jina lako herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa. Wakikosea, usiondoke hapo. Ukitoka, pitia ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ujiandikishe kupiga kura.

Ni mimi babako