Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Zanzibar: vidonge vya maumivu vinavunja nyumba zetu

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kutoka Wete kuhusu watu tunaowasahau kila tunapozungumzia dawa za kulevya. Hawavuti unga, hawajidungi sindano, na hakuna anayewaita mateja. Dawa walipewa hospitali, kwa cheti, na daktari aliyetaka kuwasaidia. Leo hawawezi kuiacha.

Pemba hakuna msimu wa karafuu unaopita bila ya watu kuanguka mikarafuuni. Tawi hukatika ghafla na mchumaji akateremka nalo. Kaka yangu alivunjika paja namna hiyo. Katika hospitali moja alitibiwa vizuri, akapewa tramadol, akaambiwa anywe akiumwa. Hakuambiwa lini aache. Hakuambiwa kwamba ni dawa ya jamii moja na mofini, na kwamba mwili ukishaizoea huidai.

Naomba hapa unisikilize kwa makini. Aliyezoea tramadol akichelewa kuinywa hutokwa na jasho, huharisha, hupiga miayo, hukosa usingizi, na mifupa humuuma. Sasa mtu aliyevunjika paja, mifupa ikimuuma, atafikiri nini? Atasema mguu haujapona, na ataongeza kidonge. Kosa lake liko wapi?

Kiwango cha juu cha tramadol kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku, na kidonge kimoja cha kawaida kina 50. Kaka alifika mpaka vidonge kumi. Siku moja akaanguka ukumbini, anatetemeka, povu linamtoka. Wazee wakasema kapandwa. Akapelekwa kwa mganga, akafukizwa ubani, mbuzi akachinjwa. Kumbe kifafa cha namna hii kinajulikana kwa tramadol ikizidi kiwango. Kimeandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi, kwa Kiingereza ambacho mama yangu hakisomi.

Wifi yangu alikuwa akiweka pesa za karafuu kwenye kibubu. Kibubu kikavunjwa. Ukafuata mkufu wake, kisha ikawa ada ya mtoto. Mtoto huyo huyo, wa darasa la sita, ndiye aliyekuwa akitumwa duka la dawa. Cheti alichokuwa akipewa nimekishika: kimekunjwa mpaka kimechanika katikati, wino umefifia, tarehe ni ya msimu uliopita. Hakina muhuri wa duka hata mmoja. Kila duka lilikisoma, likatoa vidonge, likamrudishia mtoto karatasi yake akatumie kwengine.

Kwa hiyo ombi langu la mwanzo ni hilo la cheti. Kikishatumika kibaki dukani, au kipigwe muhuri wenye tarehe na idadi ya vidonge vilivyotolewa. Na Wakala wa Chakula na Dawa wakiingia dukani, walifungue na daftari la tramadol, diazepamu (dawa ya kutuliza wasiwasi) na dawa za kikohozi zenye kodeini, nayo ya jamii ya mofini.

Sitaki dawa hizi zipigwe marufuku. Mgonjwa wa saratani anazihitaji, aliyepasuliwa anazihitaji, na kaka naye siku ya kwanza alizihitaji. Tramadol haijaingizwa katika majedwali ya mikataba ya kimataifa ya dawa za kulevya kwa hofu hiyo hiyo, kwamba wagonjwa wa nchi maskini watakosa cha kuwatuliza. Lakini Marekani wametuonesha mwisho wa kuachia ovyo. Kampuni iliyoitoa OxyContin, kidonge cha maumivu cha jamii hiyo hiyo ya mofini, mwaka 1996 ilikiri mahakamani mwaka 2007 kwamba iliwapotosha watu juu ya hatari ya uraibu, na kufikia hapo nyumba ngapi zilikuwa zimeshabomoka!

Jengine ni namna ya kuwatoa waliokwishaingia. Kumwambia mtu "acha leo" ni ukatili, na kwa diazepamu ni hatari ya roho, kwani mwenye kuizoea akiikata ghafla anaweza kupata kifafa na kufa. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo, chini ya macho ya mtaalamu. Nyumba za upataji nafuu, wanakokaa wanaoacha dawa za kulevya, zinafanya kazi kubwa na ninaziheshimu, lakini baba wa watoto aliyevunjika paja haendi huko. Anajua kesho shehia nzima itamwita teja. Hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, wanatoa methadoni, dawa inayonywewa badala ya unga, kwa waliotumia unga, kwa hiyo ujuzi wa kusimamia dozi tunao. Tuna na hospitali mpya za wilaya, tumeziona na tunashukuru. Basi kila moja iwe na daktari au muuguzi aliyefunzwa kazi hii, na mke aitwe akae pale mumewe anapoelezwa, kwa sababu yeye ndiye atakayezificha dawa na kuzitoa kwa hesabu. Na kila anayetoka wodini na tramadol apewe karatasi ya Kiswahili yenye siku ya kuacha na dalili za kuizoea.

Kaka ameisoma barua hii na ameridhia iende. Bado anatumia, kidogo kuliko mwanzo, na anataka kuacha. Mheshimiwa, tumpeleke kwa nani?

Wassalaam,
Mkaazi wa Wete, Pemba