Bush hakuwa kikaragosi

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba George W. Bush, rais wa zamani wa Marekani, alikuwa kikaragosi tu cha makamu wake, Dick Cheney, amenichekesha. Ni kweli, mwaka 2000 Cheney alipewa kazi ya kumtafutia mgombea mwenza, na msako ulipoisha mgombea akawa yeye mwenyewe! Hapo sibishi. Lakini mwaka 2006 Bush alimwondoa waziri wake wa ulinzi, Donald Rumsfeld, swahiba wa Cheney wa tangu zamani, na Cheney hakutaka. Scooter Libby, msaidizi mkuu wa Cheney aliyetiwa hatiani kwa kusema uongo kwa wapelelezi, naye alipunguziwa adhabu. Msamaha kamili Bush aliugomea mpaka anaondoka. Amri ya kuivamia Iraki mwaka 2003 aliitoa yeye.

Nilipokuwa nafundisha historia, mwanafunzi akiandika “aliponzwa na wasaidizi wake”, nilikuwa namuuliza pembeni kwa wino mwekundu: aliyewateua nani?

Mwalimu mstaafu