Ofisi za posta zisiuzwe

Mhariri,

Naandika kuhusu hatima ya ofisi za posta nchini, ambazo baadhi ya wachangiaji wanapendekeza zifungwe na majengo yake yauzwe kwa kuwa barua zimepungua. Ni kweli zimepungua. Hata hivyo, tukumbuke kwamba shirika la pamoja la posta na simu lilipogawanywa mwaka wa 1999, biashara ya simu ilikwenda Telkom Kenya, huku Shirika la Posta likiachiwa jukumu la kufika kila pembe ya nchi, penye faida na pasipo na faida.

Huku Nairobi, mkazi wa Kayole au Mathare hana nambari ya nyumba inayotambulika, na hivyo anwani yake rasmi huwa sanduku la posta, mara nyingi la kuazima kutoka kwa shule, kanisa au mwajiri. Anaponunua bidhaa mtandaoni, humwelekeza mwendesha bodaboda kwa simu, kutoka duka hadi duka, mpaka wakutane barabarani. Ofisi ya posta iliyo karibu ingeweza kumpokelea kifurushi hicho na kumpa risiti.

Naisihi Wizara ya Habari isitishe mipango yoyote ya kuuza majengo hayo, ipunguze ada ya masanduku kwa wakazi wa mitaa ya mapato ya chini, na ifungue madirisha ya vifurushi hadi saa mbili usiku, wafanyakazi wanaporejea nyumbani.

Msomaji,
Nairobi