Barua kwa mwanangu aliyeko Kazan, Urusi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Nakala ya ile picha ya kuchora uliyoitazama Moscow, ya asubuhi katika msitu wa misindano, tumeipata, na nimesoma kwamba likizo unakwenda Yelabuga kuona misitu ya kwao Shishkin, mchoraji wake. Hukusema unakwenda na nani.

Picha ni nzuri, sikatai. Mimi bwana misitu mstaafu, misindano ya msitu wa Shume naijua, lakini ile tuliipanda kwa mistari. Ya Shishkin imeota yenyewe. Jua limeshika vilele, chini ukungu bado haujainuka, na ule mti ulioanguka umevunjika kama mti unavyovunjika kweli. Aliyechora vile mwaka 1889 alikuwa ameuzoea msitu. Ila habari ya dubu kuchorwa na mchoraji mwenzake, Savitsky, kisha Tretyakov aliyeinunua picha akafuta saini ya Savitsky, haikunipendeza. Dubu wanne hao! Jina lingebaki.

Wewe unasema unapenda utulivu wake. Dubu mwenye watoto watatu ana utulivu gani? Yule mdogo aliyesimama peke yake kwenye gogo, anaangalia ukungu, mama na wenzake wako kule upande wa pili, nimemtazama yeye kuliko miti. Nenda, sikukatazi, ila nenda na mtu. Kwenye msitu wetu wa Magamba ukipotea utafuata maji mpaka utokee shambani kwa watu. Huko theluji ikishafunika njia utafuata nini?

Matokeo yako tumeyaona, hata mwenye duka la dawa nimemwonyesha. Lakini tumeyapata kwa dada yako. Kupiga simu ni kazi? Mama yako anasema ukimya huo umeutoa kwangu. Sikumjibu.

Ile picha nyingine ya Shishkin ya 1891, ya mvua kwenye mialoni, ndiyo niipendayo mimi. Watu wawili chini ya mwavuli mmoja, wanakanyaga madimbwi, na njia wanayo. Umeona? Wawili. Niandikie jina na namba ya simu ya huyo mtakayekwenda naye, kabla hujakata tiketi.

Ng'ombe kazaa, dume tena. Upepo umeezua bati mbili za jikoni, na mama yako anapikia barazani, moshi wote unaingia sebuleni. Fundi nimeshampa nusu ya hela, sasa hapokei simu. Mjomba wako ndiye aliyemleta, kwa hiyo ukizungumza naye mwambie amtafute, mimi nikimwambia anasema namsumbua.

Baba yako